Maji Yaliyopandishwa kwa Waraka

Nchi yenyewe siitaji. Haijanikosea kitu, na isitoshe nina watoto. Tuseme tu kwamba ina bendera, ina wimbo, ina Mtukufu Mlezi wa Taifa, na ina mto mkubwa uitwao Nyamare, ambao katika vitu vyote vya nchi hiyo ndio pekee ambao haujawahi kuapishwa. Kwenye kona moja ya mto huo upo mji wa Lusimbi. Lusimbi ni mji wa bandari. Una gati la mawe, una ghala, una kreni moja iliyoota kutu, na una Mamlaka ya Bandari yenye watumishi arobaini. Kinachokosekana ni meli. Ya mwisho, tena ndogo, ilitia nanga miaka kumi na miwili iliyopita, ikalala siku mbili, ikaondoka bila kuaga, na tangu hapo watumishi wote arobaini wamekuwa wakiisubiri kwa nidhamu ya hali ya juu.

Kando ya gati imesimama nguzo ya mti mgumu, imechongwa alama za futi kuanzia moja mpaka kumi na mbili. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, kanga kajifunga kiunoni, hushuka ngazi za gati, huinama, husoma alama, kisha hugeuka na kupaza sauti: "Futi nne na inchi mbiliii!" Na mji mzima, aliyeko kitandani na aliyeko chooni, huitikia kwa pamoja: "Tumesikia!"

Huyo ndiye Bi Sikudhani Matola, Mpima Maji wa Lusimbi. Kazi hii aliianza babu yake, akaipokea baba yake, na yeye anaishika huu mwaka wa thelathini na moja. Hajakosa hata asubuhi moja. Siku ya kujifungua mwanawe wa pili alipima kwanza, akajifungua baadaye, na mkunga alipomgombeza kwa kuchelewa alisema maji hayasubiri mtu, mtoto anaijua njia.

Watu wa Lusimbi, mjue, hawana mazoea na tarehe. Tarehe wameiachia serikali. Wao mambo yao huyahesabu kwa kina cha maji. Ukimwuliza mtu alizaliwa lini, atakujibu, "Futi sita na robo, mwaka ule wa nzige." Ukitaka kujua ndoa ya fulani ilivunjika lini, utaambiwa ilikuwa futi tatu kasoro, na hapo hapo utaelewa na sababu, maana maji yakishuka chini ya futi tatu samaki hakuna, na pasipo samaki watu hutazamana sana.

Yote hayo yameandikwa. Bi Sikudhani anayo madaftari ishirini na sita yenye majalada meusi, kila ukurasa una safu mbili: Kina, na Maelezo. Maelekezo ya serikali ya wakati wa babu yake yalisema safu ya Maelezo ijazwe "endapo lipo la kueleza". Lilikuwepo kila siku. "Futi tano. Punda wa Mwalimu amekufa. Mwalimu hajaambiwa." "Futi nne na nusu. Mwalimu ameambiwa." Kwa miaka themanini mji huu umeishi hivyo, unasomewa maji, unaitikia, unaandikwa. Na katika miaka yote hiyo, maji hayajawahi kupita futi saba na nusu. Alama za juu ya hapo alizichonga fundi kwa sababu alipenda kuchonga.

*

Basi asubuhi moja ya futi tatu na nusu likaingia gari lenye kibendera, akashuka Bwana Filemoni Ndelwa. Cheo chake kilikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Historia katika Wizara ya Kumbukumbu na Matarajio. Alikuwa mtu wa makamo, suti imemkaa, na mkoba aliubeba kifuani utadhani mtoto mchanga. Wakuu wa mji wakamkusanyikia ofisi ya bandari, na Bi Sikudhani akaitwa, kwa kuwa kila alipouliza swali aliambiwa, "Hilo analijua Bi Sikudhani."

"Ndugu wananchi," akaanza Bwana Ndelwa, ingawa waliokuwemo walikuwa saba, "Wizara imegundua kwamba mji wenu una historia."

Wakapiga makofi.

"Imegunduliwa kwamba miaka themanini iliyopita, Babu wa Mtukufu Mlezi wa Taifa, akiwa safarini kwa meli ya mvuke, alitua hapa Lusimbi, akakanyaga gati hili kwa mguu wake mwenyewe, na tangu dakika ile mji huu ukaanza kuwepo."

Mkuu wa Gati, Bwana Shughuli Mapande, mnene, mpole, mtu asiyeweza kugombana hata na nzi, akauliza kwa heshima ugunduzi huo ulifanyikaje.

"Katika kikao," akajibu Bwana Ndelwa.

Bi Sikudhani akajawa na furaha. Miaka thelathini na moja hakuna mtu kutoka makao makuu aliyewahi kumwuliza lolote. Alikwenda nyumbani mbio, akarudi na daftari la kwanza la babu yake, limefungwa ndani ya kitenge kipya ambacho mwenyewe alikuwa hajakivaa. Akalifungua kwenye siku yenyewe. Bwana Ndelwa akavaa miwani na kusoma kwa sauti ya kuhutubia:

"'Futi mbili na inchi tatu. Meli ya mvuke imepita katikati ya mto, haikuweza kusogea. Abiria mmoja amesimama ukingoni mwa meli, anapiga kelele na kupunga kofia. Hakusikika anasema nini. Mji nao umempungia.'"

Sauti ikawa inashuka kila neno, na mwisho ilikuwa ya mtu anayejisomea barua ya hospitali. Akavua miwani.

"Daftari hili lina kasoro."

"Kasoro gani, Mheshimiwa?"

"Limeandikwa na mtu aliyekuwepo. Mtu aliyekuwepo, mama yangu, huona upande mmoja tu." Akafikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka. "Lakini tuiache hiyo. Wewe ni mtaalamu. Niambie kitaalamu: meli kama ile ingehitaji maji kiasi gani ili ifike gatini?"

Hapo mtu mwenye akili za mjini angesema hajui. Angesema arudi kesho. Lakini Bi Sikudhani alikuwa hajaitwa mtaalamu tangu azaliwe, na neno lile lilimpanda kichwani haraka kuliko pombe ya ndizi. Tena swali lilikuwa la kipimo, na yeye swali la kipimo hawezi kuliacha bila jibu, kama vile mwingine asivyoweza kuacha mlango wazi.

"Futi tisa, Mheshimiwa," akasema, kifua mbele. "Tena tisa kamili. Si chini ya hapo."

Bwana Ndelwa akaandika: tisa.

Baada ya wiki mbili ukafika Waraka Namba Saba wa Masahihisho ya Maji. Ulisema kwamba mto Nyamare, siku tajwa, ulikuwa na kina cha futi tisa. Ili kuepusha taharuki, ulieleza pia kwamba siku tatu kabla ya hapo maji yalipanda kwa utaratibu, na siku tatu baadaye yalishuka kwa utaratibu. Mtu yeyote mwenye kumbukumbu tofauti aiwasilishe wizarani ikabadilishwe.

*

Chini kidogo ya soko la Lusimbi, kuelekea gatini, upo mtaa uitwao Chinichini. Una nyumba arobaini na mbili, nyingi za matofali ya udongo, na vizingiti vyake vyote viko usawa wa alama ya futi nane na nusu. Nyumba ya Bi Sikudhani imo. Ya jirani yake, Mama Nyangeta muuza vitumbua, imo, tena ilijengwa na bibi yake kabla hata ya daftari la kwanza.

Kwa hiyo Bwana Mapande alipokuja Chinichini na karatasi mkononi, akitembea pole pole kama anayeomba njia iwe ndefu, watu hawakumwelewa.

"Sheria ya Bandari," alisoma, macho hayainuki, "inasema kwamba ardhi yoyote iliyowahi kulala chini ya maji ya Nyamare ni mali ya bandari. Na kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, mtaa huu ulilala chini ya maji. Mnaombwa kupisha ndani ya siku thelathini. Hapa utajengwa Uwanja wa Mguu wa Kwanza."

"Ulilala chini ya maji lini?" akauliza Mama Nyangeta, mwiko wa vitumbua mkononi.

"Miaka themanini iliyopita."

"Miaka themanini iliyopita bibi yangu alikuwa ndani ya nyumba hii hii, anamnyonyesha mama yangu!"

"Ndiyo, mama. Na kwa mujibu wa Waraka, alizama."

"Bibi yangu amekufa ana miaka tisini, kwa kikohozi!"

"Pole sana, mama," akasema Bwana Mapande kwa huruma ya kweli. "Lakini kiserikali alizama."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana karatasi ilikuwa na mhuri. Mzee mmoja akauliza hizo futi tisa zilitoka wapi, ikiwa hata watoto wa Lusimbi wanajua maji hayapiti saba na nusu. Hapo ndipo Bi Sikudhani, aliyekuwa amesimama nyuma, akapenya mpaka mbele.

"Zimetoka kwangu," akasema. "Waliniuliza meli ingehitaji ngapi. Nikawaambia."

Mama Nyangeta akamgeukia, mwiko bado mkononi. Walikuwa wameolewa mwaka mmoja, futi tano zote mbili, na kwa miaka ishirini na tisa kitumbua cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa cha Bi Sikudhani.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, shoga," akasema. "Ila wako umetudunga sote."

Kesho yake Bi Sikudhani alishuka ngazi kama kawaida, akasoma, akageuka: "Futi tatu na inchi nneee!" Sokoni wakaitikia. Mtaa wa juu wakaitikia. Chinichini hawakuitikia. Alisimama pale, maji yanamgusa vidole vya miguu, akingoja sauti ambayo ameisikia tangu akiwa mtoto anashikwa mkono na baba yake, na haikuja. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Hata kitumbua hakikuja.

*

Alilia siku moja. Siku ya pili aliona kulia hakupimiki, akaenda ofisi ya bandari kuomba kuiona hiyo Sheria ya Bandari yenyewe.

"Ipo," akasema Bwana Mapande kwa mashaka, akapiga magoti. Kitabu cha sheria kilikuwa chini ya mguu wa meza yake, mguu uliokuwa mfupi kuliko wenzake. Watumishi wanne wakaiinua meza, kitabu kikatolewa, na Bwana Mapande akaishikilia meza yeye mwenyewe siku mbili nzima, wakati Bi Sikudhani anasoma. Hakuwa na kazi nyingine.

Sheria ilikuwa ndefu, iliandikwa na watu walioipenda sana meli. Siku ya pili alasiri akafika kifungu cha kumi na nne. Akakisoma mara mbili. Akaruka mpaka kifungu cha thelathini na moja. Akakisoma mara tatu, akafunga kitabu, akamsaidia Bwana Mapande kuirudishia meza mguu wake, na akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kikaango cha Mama Nyangeta.

"Shoga, usinisemeshe kama hutaki, ila nisikilize. Serikali inasema tumo majini?"

Mama Nyangeta akageuza kitumbua.

"Basi kifungu cha kumi na nne kinasema, kitu chochote kilichomo katika maji ya bandari, chenye paa, na watu wanaishi ndani, ni chombo cha majini, na Mkuu wa Gati hana ruhusa kukataa kukiandikisha. Na kifungu cha thelathini na moja kinasema, chombo kilichoandikishwa hakitaamriwa kung'oa nanga endapo maji, kama yalivyosomwa muda huo na Mpima Maji na kuitikiwa na mji, hayatoshi kukibeba."

Mama Nyangeta akauacha mwiko. "Kuitikiwa na mji? Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Kisomo kisichoitikiwa si kisomo."

"Na nyumba yangu inataka maji kiasi gani ielee?"

"Nyumba yako, shoga, haielei hata ukiweka bahari."

Mama Nyangeta alianza kucheka kwa tumbo, kicheko kikapanda mabegani, mpaka mafuta yakaungua. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Twende tukayaoge, bibi wee."

Kesho yake asubuhi, kabla mwangwi wa "Futi tatu na inchi tatuuu!" haujafika sokoni, Chinichini yote iliitikia, na sauti iliyotangulia ilikuwa ya muuza vitumbua.

*

Siku hiyo hiyo watu arobaini na wawili walipanga foleni nje ya ofisi ya bandari. Bwana Mapande alidhani wamekuja kumpiga. Alipoelewa kwamba wanaandikisha vyombo, alilazimika kukaa. Miaka kumi na miwili fomu zake zilikuwa zinaliwa na mchwa, mhuri umekauka, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuma makao makuu taarifa yenye neno moja: "Hakuna." Akautemea mate mhuri, akaufuta kwa leso, akaanza.

Ukaguzi ulichukua juma zima, maana watumishi arobaini walikuwa na hamu ya kazi kama watu waliofunga. Walidai kila chombo kiwe na jina, na nyumba zikapakwa majina: Subira, Sitoki, Bado Nipo, Mwenye Wivu Ajinyonge. Walidai taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Walidai king'ora, na pale ambapo hapakuwa na king'ora jogoo alikubaliwa. Walidai nanga. Mama Nyangeta akafunga kamba kwenye kinu cha bibi yake na kukiweka mlangoni, na mkaguzi akakisukuma mara tatu, akaandika kwamba nanga ni imara. Choo cha nje cha mzee mmoja kilileta mjadala mrefu, hatimaye kikaandikishwa kuwa mtumbwi wa dharura. Manahodha wakapewa vyeti. Mama Nyangeta alikitundika chake juu ya kikaango, na kuanzia siku hiyo aliyemwita Mama bila kutanguliza Nahodha alipewa kitumbua kidogo.

Mwisho wa mwezi Bwana Mapande alituma taarifa yake: vyombo arobaini na viwili gatini. Makao makuu hawakuuliza. Makao makuu hawaulizi habari njema. Waziri aliisoma bungeni siku hiyo hiyo, akatangaza kwamba kutokana na sera sahihi, Lusimbi sasa ni bandari yenye shughuli nyingi kuliko zote nchini, na wabunge wakagonga meza.

*

Bwana Ndelwa alirejea siku nne kabla ya sherehe ya kuuzindua Uwanja wa Mguu wa Kwanza, akiwa na lori na mguu.

Mguu huo ulikuwa wa saruji, urefu wake mara mbili ya mtu, kuanzia goti kushuka. Kamati ya Sanamu ilikuwa imekusudia kumchonga Babu mzima, lakini picha yake haikuwepo, na baada ya miezi mitatu ya kubishana juu ya pua, wajumbe waliona mguu ni salama zaidi. Hakuna raia anayeweza kusimama na kusema mguu ule si wa Babu.

Bwana Ndelwa akashuka garini, akaona Chinichini bado ipo, taa nyekundu kushoto, kijani kulia, vinu milangoni.

"Hizi ni nini?"

"Vyombo, Mheshimiwa!" Bwana Mapande akapiga saluti. "Arobaini na viwili. Waziri amevitangaza bungeni."

Bwana Ndelwa akafungua mdomo, akakumbuka ni Waziri, akaufunga. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, hilo siwezi kumnyima. Akapiga hatua mbili, akageuka, anatabasamu. "Vizuri sana. Vyombo huondoka. Siku ya sherehe, saa nne, mbele ya Mtukufu mwenyewe, vyombo vyote vitaamriwa kung'oa nanga kumpisha Babu. Itapendeza."

"Kuna kifungu cha thelathini na moja, Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani. "Lazima maji yasomwe."

"Yatasomwa," akasema Bwana Ndelwa, na akayaingiza kwenye ratiba, kati ya ngoma na wimbo wa shule ya msingi.

Usiulize mtaa ulikuwa na hali gani siku zile nne. Watu walifunga vyombo vyao vya ndani kwenye mikeka kisha wakavifungua tena. Bi Sikudhani hakufunga kitu. Alikuwa na hofu moja tu, nayo hakumwambia mtu: kifungu kilitaka mji uitikie, na mji mwoga mbele ya kipaza sauti huweza kuitikia chochote.

Siku ikafika. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa mzee mfupi, kimya, amezoea kuambiwa mambo. Alikalishwa kwenye jukwaa jipya lililojengwa pale pale gatini, chini kabisa, ili mguu uonekane nyuma yake. Ngoma ikapigwa. Bwana Ndelwa akasimama na kipaza sauti.

"Vyombo vyote vya Chinichini! Kwa heshima ya Mguu wa Kwanza, ng'oeni nanga!"

Nahodha Mama Nyangeta alikuwa amesimama kizingitini mwa Bado Nipo, kanga mpya, mkono juu ya kinu. "Tuko tayari, Mheshimiwa!" akajibu kwa sauti ya kusikika. "Mpima Maji atusomee tu."

Bi Sikudhani akashuka ngazi. Alijua watu elfu mbili wanamtazama mgongo. Akainama, akasoma, akageuka.

"Futi tatu na inchi mojaaa!"

"Tumesikia!" ukanguruma mji, sokoni, mtaa wa juu, Chinichini, mpaka Mtukufu akashtuka kwenye kiti.

"Kwa hiyo hayatoshi," akasema Bi Sikudhani. "Chombo kisiondoke."

Bwana Ndelwa akacheka kicheko cha mtu anayeporomoka ngazi mbele ya wageni. "Ndugu wananchi, hayo ni maji ya awali. Yapo masahihisho." Akavuta pumzi, na kwa kipaza sauti kilichosikika ng'ambo ya pili ya mto, akatangaza: "Futi kumi na mbili!"

Kimya.

Akarudia. "Futi kumi na mbili! Mnasikia?"

Walikuwa wanasikia sana. Hakuna aliyeitikia. Akawageukia watumishi arobaini wa bandari, waliopanga mstari na sare zao. Bwana Mapande, ambaye hajawahi kumnyima mtu jibu, alifungua mdomo. Bi Sikudhani akafumba macho. Bwana Mapande akatazama vile vinu, zile taa, ile bandari yake iliyojaa, akaufunga mdomo tena, jasho linamtiririka mpaka shingoni.

Katika kimya hicho ikasikika sauti ya Mtukufu.

"Ndelwa."

"Mtukufu!"

"Yakiwa kumi na mbili, mimi hapa nimekaa wapi?"

Bwana Ndelwa akalitazama jukwaa. Lilikuwa chini ya vizingiti vya Chinichini kwa futi tatu nzima. Akamtazama Mtukufu, na mabalozi, na mke wa Waziri na kofia yake. Kwa kipimo alichotangaza yeye mwenyewe, wote walikuwa wamekwisha kuzama, na katika nchi ile kutangaza Mtukufu amezama ni kosa lenye kifungu chake.

"Yapo masahihisho ya masahihisho, Mtukufu," akasema kwa sauti ndogo.

Mtukufu akamwita Bi Sikudhani kwa kidole. "Wewe mama, maji ya siku ile ya Babu unayo?"

Alikuwa nayo, ndani ya kitenge. Akapanda jukwaani, akamfungulia ukurasa. Mzee yule akasoma pole pole, akifuata mstari kwa kidole. Alipofika mwisho akarudia mwanzo. Watu wa jukwaani wakawa wanatazama viatu vyao.

"Hakusikika anasema nini," Mtukufu akasoma. Kisha akasema, na hakuwa anahutubia: "Babu alikuwa akitusimulia tukiwa watoto. Meli ilikuwa imeishiwa maji ya kunywa, siku ya tatu, na ya mto yalikuwa tope tupu. Wakapita karibu na mji. Akapiga kelele aletewe maji. Akasema wale watu walikuwa wema sana, walimpungia mikono mpaka alipopotea. Alikuwa akicheka mpaka analia."

Hakuna itifaki ya jambo kama hilo. Bwana Ndelwa aliitafuta kwenye mkoba, hakuiona.

Aliyetembea ni Mama Nyangeta. Alichota maji kwenye mtungi wake kwa kata, akaiacha nanga, akakiacha na chombo, akashuka mpaka jukwaani, na walinzi wakampisha kwa kuwa alishaanza kutembea zamani. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Siku ile hatukusikia. Tupokelee."

Mtukufu akanywa yote. Akarudisha kata kwa mikono miwili, akasema ahsante, akanyanyuka, na kwa vile ratiba ilikuwa imekwisha haribika, akaenda zake.

*

Mtadhani basi mambo yalirekebishwa. Hamuijui nchi ile. Serikali yake haijawahi kukosea, kwa hiyo haina namna ya kusahihisha kosa. Waraka Namba Saba upo mpaka leo. Ulitolewa tu Waraka Namba Nane, unaosema kwamba Babu alitua Lusimbi kwa ajili ya kunywa maji, nao ukamletea Bwana Ndelwa cheo kamili, bila Ukaimu. Mguu uko gatini, na watoto wanaukwea kupigia mbizi. Chinichini kiserikali ni mto, na nyumba zake ni vyombo. Kila mwaka siku ile huja amri vyombo viondoke, kila mwaka maji husomwa, na kila mwaka hayatoshi.

Bi Sikudhani naye aliletewa barua: aingize katika daftari la babu yake, kwa mwandiko wa babu yake, kwamba abiria yule alipewa maji. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza. Daftari la babu hakuligusa. Alifungua lake, siku ya sherehe, safu ya Kina, safu ya Maelezo, na ndivyo palivyo hadi sasa kwa anayetaka kwenda kusoma:

"Futi tatu na inchi moja. Abiria wa ile meli amesikika leo. Amepewa maji. Vyombo vyote vipo, hakuna kilichoondoka."